Ukurasa Uliouharibu Makusudi

Ipogolo, Ijumaa mchana

Festo mwanangu,

Kabla hatujajuliana hali, rudisha zile nguo kwenye begi. Nimelipapasa asubuhi ulipokuwa unaoga, nikakuta tupu, limebaki na soksi na ile taulo ya bluu. Suruali umezirudisha kabatini, mashati umeyatundika, eti nisijue. Macho yangu ndiyo yameharibika, Festo, mikono bado mizima.

Gari la Mbeya ni kesho asubuhi. Tiketi iko palepale juu ya redio. Jumatatu unatakiwa ofisini, na yule bosi wako mpya alishasema wazi kwamba usipofika siku hiyo, kiti chako atakikalia mwingine. Lakini jana ulisimama hapo mlangoni pa jikoni ukaniambia, bila hata kunigeukia, "Mama, siendi. Labda mwakani." Halafu ukatoka, ukaniacha nimeshika kikombe cha chai. Nikifungua mdomo unanikatiza, kwa hiyo leo naandika. Umeniambia unakwenda Mlandege kwa shangazi yako Eda. Sijui umekwenda kumuaga au kumwambia kwamba huondoki. Vyovyote vile nina mchana huu tu. Jua likishageukia upande wa pili wa nyumba, kioo cha kompyuta nakiona kama maji ya kufulia, na taa ya umeme hainisaidii kitu.

Herufi nimezikuza mpaka maneno manne yanajaza kioo. Ukiona nimerudia jambo, usicheke. Nilichokiandika juu kimeshapotea, na kukitafuta ni kazi kuliko kukiandika upya.

Tuanze na Jumatano, maana najua ndiyo iliyotoa nguo kwenye begi.

Uliniita, "Mama, njoo ukague hii tovuti ya gesti ya Mbeya kabla sijawatumia." Nikavuta kiti. Nikakaza macho, nikasogeza ukurasa juu, nikasogeza chini, kama ninavyofanya siku zote. Nikakuambia, "Imekaa vizuri. Hiyo safu ya pembeni umeipa nafasi ya kutosha." Nami badala ya kuishia hapo nikaongeza, Mungu anisamehe, nikasema, "Na rangi zimetulia." Ndipo ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nimeivunja makusudi. Safu ya pembeni imeanguka yote chini. Picha imefunika bei za vyumba. Hakuna kilichokaa."

Umenitega kama panya wa stoo. Ulichofanya ni kufuta nafasi mbili kwenye calc, ile amri ya kupiga hesabu za upana, moja kabla ya alama ya kutoa na nyingine baada yake, ukijua kwamba asilimia mia ikibanana na pikseli mia mbili sitini bila nafasi, kivinjari hakielewi, kinautupa mstari mzima na nyumba inaporomoka. Kosa hilohilo lilinitesa mimi wiki nzima nilipokuwa najifunza, mpaka nikalia kwenye keyboard. Mimi ndiye niliyekuonyesha. Na wewe ukalichukua ukanipimia macho nalo.

Nilikufokea, nikakuita mtoto asiye na adabu. Wala sikukukasirikia wewe. Nilikuwa nimekamatwa, basi. Mwaka mzima nilikuwa nakagua kurasa zako kwa kukisia. Najua unavyopanga vitu, mkono wako ni mkono wangu, kwa hiyo nilikuwa nasema yale ambayo ningeyasema kama ningeona. Wakati mwingine nakukosoa kidogo ili uamini. Unakumbuka ile siku nilipokuambia kitufe kimekaa chini mno, ukakipandisha, ukanishukuru? Sikukiona hicho kitufe, Festo. Sikujua hata kama kipo.

Na daktari nilikuambia nusu. Nilikuambia amesema nipunguze wali na nitumie dawa. Alisema hivyo, ndiyo, lakini alikuwa ameanza kwa kusema kwamba sukari imeharibu lile pazia la nyuma ya jicho, macho yote mawili, na kilichokwenda hakirudi. Dawa ni ya kuchelewesha hicho kilichobaki. Nikamuuliza kama miwani yenye nguvu zaidi itafaa. Akanijibu kwa upole, kijana mdogo tu, pengine rika lako, "Mama, tatizo haliko mbele ya jicho." Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje mpaka dada wa usafi akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikamwambia ndiyo, nasubiri mtu.

Sasa unajua yote. Wenzangu wa kwaya wananiambia nisikate tamaa. Nimekata. Naiandika hapa kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika: nimekata tamaa, mwanangu, na sitaki unibembeleze. Nataka tu uelewe unaondoka ukiacha nini, halafu uondoke.

Nilivyoanza kazi hii unajua kidogo. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa chekechea, mimi nikaenda kuchapa kwenye duka la stationery pale Mlandege. Risala za mahafali, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Mtu akija analia unamchapia jina la marehemu, unamuuliza, "Herufi ndogo au kubwa?" Ndiyo ilikuwa kazi. Kompyuta moja ilikuwa na intaneti, na mwenye duka hakujali nikibaki baada ya kufunga. Hapo ndipo nilipojifunza kutengeneza kurasa, peke yangu, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne.

Siku nilipoifahamu calc nilitembea nikicheka barabarani. Ulikuwa unanisubiri kwa shangazi, nikakukalisha kitandani nikakueleza kama vile wewe ni mteja. Nilikuambia, tazama chumba hiki, ukuta wote ni asilimia mia. Kitanda kina upana wake, hakibadiliki, hata tukihamia nyumba kubwa kitanda ni kilekile. Basi meza inapata ukuta wote toa kitanda. Huhitaji kujua ukuta una urefu gani. Kivinjari kitapima chenyewe, kwenye simu, kwenye kompyuta, popote. Ukaniuliza, "Na kama chumba ni kidogo kuliko kitanda?" Nilikuambia ule ulale. Lile swali lilikuwa zuri mno, na ningelikaa nalo siku ile huenda mengine yasingetokea.

Wewe ndiye uliyenionyesha na lile la min na max. Nilitaka picha isizidi pikseli mia sita nikaandika max, kwa sababu kwa akili yangu max ni ukomo wa juu. Picha ikatanuka ikajaza kioo kizima. Nikabadilisha namba, wapi. Ukaja umeshika kikombe cha uji, ukasoma, ukasema, "Mama, max inachagua iliyo kubwa. Ukitaka kitu kisizidi, weka min, ichague iliyo ndogo." Nilitaka kukupiga na kukubusu kwa pamoja. Tangu siku hiyo nilijua una kichwa cha kazi hii kuliko mimi, na badala ya kufurahi nikaanza kukuogopa kidogo, kwamba utaondoka.

Halafu nikaijua clamp, na hapo ndipo kichwa kilivimba. Namba tatu tu: isishuke chini ya hapa, ikae hivi, isipande juu ya pale. Niliipenda mno. Kila kitu nilikibana, vichwa vya habari, picha, pembezoni. Ile ya katikati nilikuwa naandika vw peke yake, yaani kiasi cha upana wa kioo, ili maandishi yakue na kioo na yapungue na kioo, na ukurasa wangu ukae vilevile kwenye kila simu. Nilikuwa natamba kwa wateja, "Ukurasa wangu hauvunjiki." Na kweli haukuvunjika. Haukumsikiliza mtu pia. Mtu akiingia kwenye mipangilio ya simu yake akaomba herufi kubwa, ukurasa wangu ulikuwa kama haujasikia.

Na wewe nilikubana vilevile. Mwaka ule ulipopata chuo Mbeya nilikuambia siwezi kubaki peke yangu na kazi yote hii, ukachukua chuo cha hapa Iringa bila kunung'unika. Nilikuwa naweza. Nilikuwa na macho mazima na wateja wa kutosha na afya. Niliogopa tu nyumba ikiwa kimya. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo na sijui kama naomba hata sasa. Nakuambia tu ili ujue kwamba mara ya kwanza ulibaki bure.

Sasa nije kwa Mzee Masanja. Nilikusimulia ukiwa chuoni, kwa kifupi, na nadhani nilicheka. Haikuwa habari ya kucheka.

Lile duka la dawa za mifugo la Mbeya, ukurasa wake wa kwanza niliutengeneza mimi. Kila dawa na boksi lake: jina, picha, kipimo kwa uzito wa ng'ombe, na chini kabisa mstari wa onyo. Mwenye duka alitaka maboksi yote yalingane, yasipishane hata kidogo, kama vigae. Nikayapa kimo kimoja kwa pikseli, na kitakachozidi nikaamuru kifichwe. Kwenye kompyuta yangu palikuwa pazuri, na kwenye simu yangu hivyo hivyo. Nikawatumia, wakafurahi.

Haukupita muda mrefu akaja mzee mmoja hapa nyumbani, mrefu, mweusi, kavaa koti la mvua na kiangazi kile. Alikuwa Msukuma wa kule Usangu, wale ambao baba zao walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Duka lilimwambia ukurasa ameutengeneza mama mmoja wa Ipogolo, akapanda gari akanitafuta. Nilimkaribisha, akakataa kukaa. Akatoa simu mfukoni, imefungwa kwenye leso.

"Mayu," akaniita, wanavyomwita mama kwao, "nimeambiwa hapa pameandikwa ng'ombe mwenye mimba changa asipewe dawa hii."

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, nimeandika mwenyewe."

"Nionyeshe."

Nikachukua simu yake. Alikuwa amekuza maandishi ya simu mpaka mwisho. Herufi za jina la dawa nilikuwa nimezibana na clamp, hazikukua hata chembe, lakini maelezo ya kipimo nilikuwa nimeyaacha huru, kwa bahati mbaya tu, na yalikuwa yamekua yakajaza boksi lote. Mstari wa onyo ulikuwa umesukumwa chini, nje ya boksi, mahali nilipoamuru kila kitu kifichwe. Haukuwepo. Nikafungua kwenye simu yangu nikamwonyesha, "Huu hapa, mzee." Akautazama sana. Sidhani kama aliuona, kwa udogo wake, lakini aliamini kidole changu.

Unajua nilimwambia nini mimi? Nilimwambia, "Tatizo, mzee, umekuza sana maandishi."

Akanijibu taratibu, hata hakukasirika. "Nimeyakuza ili niyaone."

Nikamwambia akirudisha herufi ziwe ndogo onyo litatokea. Akasema, "Nikizirudisha ndogo halitatokea kwangu." Ng'ombe wake walikuwa wameharibu mimba, si mmoja, si wawili, na wanawe walikuwa wamemtazama yeye kwa sababu yeye ndiye aliyesema dawa imesomwa vizuri. Aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa nyumbani nikawaambie nini, mayu? Kwamba ilikuwa imeandikwa?" Akafunga simu kwenye leso akaondoka. Sikumsindikiza hata hadi barabarani.

Unajua nilirekebishaje? Palipoandikwa height nikaandika min-height, ili boksi liwe na kimo hicho au zaidi, likue na maandishi. Neno moja. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Na huo ndio uchungu wenyewe, kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile. Nikarekebisha ukurasa huo mmoja, na zile kurasa nyingine zote nilizobana kwa namna hiyo nikaziacha, kwa sababu hakuna aliyelalamika. Zipo mpaka leo. Sasa mimi ndiye nimekuza maandishi, na juzi nimefungua ukurasa wangu mwenyewe, ule wenye jina langu, nikakuta mahali pa namba ya simu pamekatwa. Nilichoona ni "Mama Festo, piga" halafu basi.

Sijui kama huyo mzee bado yupo. Nilipokuwa kwenye lile benchi la hospitali nilimkumbuka yeye kabla ya kukukumbuka wewe. Sikumwamini mtu aliyesimama mbele yangu akiniambia haoni, nilianza kumweleza simu yake. Ukipata mtu wa namna hiyo huko uendako, mwamini kwanza, mambo ya simu yake yaje baadaye.

Kuhusu kazi sina mengi ya kukufundisha, umeshanipita. Ila huko watakupa vioo vikubwa viwili, na mchoro wenye pikseli zilizohesabiwa, na mtu wa kupanga rangi atakuambia herufi ndogo zinapendeza. Watakuwa watu wazuri, hawatakuwa na nia mbaya. Hata mimi sikuwa nayo. Wewe ile namba ya katikati ya clamp usiiache vw ikae peke yake, ijumlishe na rem, kile kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi za simu ya mtu, ili matakwa ya msomaji yaingie ndani ya hesabu. Hizo za pembeni mbili nazo ziandike kwa rem. Na kabla hujatuma chochote, kuza maandishi mara mbili uangalie nani kakatwa. Watakuona unachelewesha kazi. Acha wakuone.

Basi, hayo ya kazi yametosha. Nirudi kwenye begi.

Unataka kubaki uwe macho yangu. Hukusema hivyo lakini nimekuzaa, najua. Utanisomea barua pepe, utanisomea kikaratasi cha dawa, utaniambia chumvi ipi na sukari ipi. Na mimi nitazoea. Hilo ndilo linalonitisha, Festo, maana najijua. Mwezi wa kwanza nitakushukuru kila saa. Wa tatu nitakuwa nakuita tu. Baada ya hapo nitakuwa nanuna ukichelewa kurudi kutoka kanisani, ukimleta msichana nyumbani nitaumwa ghafla, na wewe utanyamaza kama ulivyonyamaza kuhusu chuo. Utafika miaka arobaini umekaa kwenye kiti hiki changu, unatengenezea gesti na maduka ya saruji kurasa zilezile, na nitakuwa bado hai. Watu wa sukari tunaweza kuishi sana.

Na nikuambie ukweli ambao sikutaka kuuandika. Asubuhi nilipopapasa begi nikakuta tupu, nilifurahi. Kabla ya kuona aibu, kabla ya hasira, kwanza moyo wangu uliruka kwa furaha kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Nilisimama pale na mkono ndani ya begi, nacheka peke yangu. Mama wa namna gani huyo? Kwa hiyo usiniamini nikikuambia baki. Na jioni hii huenda nikakuambia. Ukirudi ukanikuta nimebadilika, nimeshika mkono wako, nasema labda mwakani si vibaya, usinisikilize. Sikiliza haya niliyoandika mchana nikiwa na akili zangu.

Usinifikirie sana. Nitahamia kwa shangazi yako Mlandege, tumeshaongea. Alikuja juzi, hata salamu yake ya "kamwene" hakusubiri niiitikie, akaanza kupima kile chumba cha magunia ya viazi kwa hatua zake, kitanda kitakaa wapi. Tutagombana kuhusu redio. Atanifunika blanketi wakati nasikia joto. Sijui nitafanya nini kutwa nzima, huo ndio ukweli. Nimekaa mbele ya kioo miaka yote hii, mikono yangu haijui kulima vizuri, haijui kufuma. Usiniambie habari za simu inayosoma kwa sauti. Nimeijaribu. Inasoma Kiswahili kama mzungu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, nikaizima kabla haijamaliza sentensi. Labda nitaizoea. Labda sitaizoea. Hilo ni la kwangu, na hata ukibaki halitakuwa jepesi. Utakaa pembeni unaliangalia tu, ndiyo tofauti pekee.

Wateja nimewaambia kwamba nimeacha. Ukurasa uliobaki ni ule wa gesti, na umeshauharibu mwenyewe, urekebishe mwenyewe.

Jua linaondoka dirishani. Sasa maneno yanaanza kuungana, nitaharakisha.

Umesema mwakani. Nimelifikiria hilo neno tangu jana, na kidogo lilinidanganya, maana mwakani si mbali. Lakini huyo bosi hatakusubiri, na hata angesubiri kuna jambo hukulihesabu. Jana nilikutazama ukiwa umesimama mlangoni, na sura yako sikuipata. Niliona kimo chako na lile shati, na vile unavyoinamisha bega la kushoto kama baba yako. Uso nauona ukinikaribia tu, ukikaa hapa kwenye kiti cha pembeni. Miezi michache iliyopita niliuona kutoka jikoni.

Kesho asubuhi, ukitoka hapo mlangoni hadi getini na begi lako begani, nitakuona. Si uso. Mwendo nitauona, na rangi ya begi, na ukigeuka kunipungia mkono nitajua umegeuka. Mwakani nitasikia geti likifungwa, basi. Kuondoka utaondoka tu, mwanangu, iwe kesho au siku nyingine, hata kama ni baada ya mimi kulala kaburini.

Ondoka kesho. Nataka nikuone ukienda.

Mama yako